Kipindi cha Neema

Nililipwa kwa ukurasa. Kurasa themanini na nne,
dola sita kila mmoja, nusu mkononi,
nusu "pesa ikitoka".
Benki ya serikali ya mbali inaikopesha serikali yetu
ili makaa ya mawe ya Kyabula yachimbwe tena,
na sheria inataka wenyeji wasomewe
kwa lugha wanayoisikia.
Wenyeji ni wao. Lugha ni mimi.

Juni, Lubumbashi. Baridi ya kiangazi inauma vidole,
umeme umekatwa tangu saa kumi alasiri,
natafsiri kwa mshumaa
mkopo wa kuleta umeme.

Ukurasa wa tisa: miaka mitano ya kwanza
mkopaji halipi kitu, riba tu inajilimbikiza.
Kifaransa chao kinauita muda huo neema.
Niliandika: muda wa deni kunenepa.
Ofisi ikaurudisha na wino mwekundu,
"Bwana Mwepu, andika neema."
Nikaandika neema,
neno ambalo marehemu mama aliliweka akiba
kwa mvua ya Oktoba
na kwa mimba iliyokaa.

Ukurasa wa thelathini na moja: amana.
Makaa yakiuzwa, fedha haziji huku,
zinalala ng'ambo katika akaunti ya amana,
na mwenye ufunguo ndiye yule yule mwenye kudai.
Mimi amana ninayoijua ni sufuria ya jirani
aliyekwenda kuzika Likasi,
akarudi baada ya arobaini
akaikuta imesuguliwa.

Ukurasa wa hamsini: mkopaji anaacha kinga yake yote,
sasa na hata milele, mbele ya mahakama yoyote.
Hapo kalamu ilisimama,
maana kwetu Katuba
kinga ni baiskeli.

Jioni ya pili nilikwenda kwa Mama Numbi
kununua makala ya mbabula, makopo mawili.
Ana daftari la shule lenye tembo kwenye jalada,
na ndani yake madeni ya mtaa mzima:
Ngoie, makopo matatu, mumewe akilipwa.
Kalenga, kopo moja, limefutwa, amefiwa.
Mwalimu Tshibangu, saba, na pembeni:
huyu nimwone mwenyewe.

Akauliza ni kazi gani hiyo inayoninyima usingizi.
Nikamsomea ukurasa wa hamsini.
Akashika kiuno.
"Hata kinga wamechukua?"
Alikuwa anamfikiria Monga,
anayesukuma magunia matano kutoka njia ya Kasenga,
siku mbili, breki yake ni kandambili.
"Sasa Monga atabebea nini?"
Nilifungua mdomo nimsahihishe.
Nikaufunga.

"Na kulipa wanamaliza lini?"
Mgongoni mwake mjukuu, Masengo,
alikuwa anatafuna ncha ya kitenge kwa meno mawili.
Nikahesabu, nikahesabu tena.
"Huyu atakuwa na miaka ishirini na sita."

Mama Numbi hakusema neno.
Alivuta kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari,
akatafuta ukurasa mtupu,
akaandika polepole jina la mtoto,
na mbele ya jina, pale panapokaa idadi ya makopo,
akaacha wazi.

Kesho yake nilipeleka kazi. Katibu alizipima kurasa
kwa kiganja, kama mtu anunuaye nyama,
akasaini, akanionyesha mlango.
Ukurasa wa hamsini sikuugusa.
Siku moja huko Kyabula mtu atapanda juu ya meza
na kusoma kwa megafoni
kwamba nchi imeacha kinga yake,
nao watu watageuka, mmoja mmoja,
kutazama ukutani
kama zao bado zipo.